Waache Wampime Baba Damu

4 Machi, mwaka wa tatu tangu niondoke

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mgongo tu unauma kwa kubeba saruji. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii.

Dada kaniambia umewafukuza wauguzi kitandani kwa baba: "Mmemnyonya damu ya kutosha mzee wa watu!" Una wazimu? Baba kapasuliwa moyo, kaunganishiwa mishipa. Damu ile ndiyo inayowaonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Mwenyewe hatasema, unamjua, hata akiungua hucheka. Nenda leo ukawaombe radhi, na umkunjie baba mkono wa shati mwenyewe.

Msimamizi kaninyima ruhusa, nimemwachia koleo lake. Jumapili nafika, na kabla sijakusalimu nitaukagua mkono wa baba kama una alama za sindano.

Kaka yako