Kiitikio cha Chiriku

Jumatatu, 3 Machi
Sauti imenikatika tena! Tunarekodi wimbo mpya, nimefika kwenye kiitikio, pale juu kabisa — nikalia kama beberu. Prodyuza akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mama, meneja wangu tangu ule wimbo wa kwanza uvume, akasema ni mafua tu. Mafua gani? Nina miaka kumi na tano na ndevu tatu! Nikaomba tuushushe wimbo, uimbwe kwa sauti nzito kidogo. Prodyuza kagoma. Watu wanataka kile kisauti cha mtoto, wakisikia dume watazima redio.

Jumatano, 5 Machi
Asali. Maji ya moto. Kunyamaza kama maji mtungini. Wapi!

Alhamisi, 6 Machi
Siamini. Nimetoka shule, naingia studio, nasikia kiitikio changu kinapaa — safi kabisa. Kumbe aliye kwenye maiki ni mdogo wangu, Chiriku, miaka kumi na mmoja, kasimama juu ya kreti la soda ndio aifikie. Mama kanivuta pembeni. Eti damu ni moja, nani atajua? Jumamosi kwenye tamasha rekodi itaimba, mimi nichezeshe midomo tu. Nikamwambia huo ni wizi. Akanionya nisimpandishie sauti. Sauti ipi sasa, mama!

Ijumaa, 7 Machi
Chiriku kamuuliza mama kama watamtaja. Kajibiwa hiyo ni siri ya nyumbani, hata rafiki yake wa shule asijue. Tangu hapo kimya. Yeye, Chiriku, asiyefunga mdomo hata akila! Naona aibu. Na wivu pia, mtoto anaimba jamani.

Jumamosi, 8 Machi
Nyuma ya jukwaa. Koti linanibana makwapa, lilishonwa mwaka jana. Chiriku kaachwa garini na dereva, mama anaogopa ataropoka. Huko nje mashabiki wanapiga kelele.

Fundi mitambo kaniletea maiki. Imezimwa, ndivyo alivyoagizwa. Nikamuuliza kama anayo nyingine. Anayo. Basi washa zote mbili, nimemwambia, na hiyo rekodi usiiguse. Mimi nitaimba chini, Chiriku juu.

Mama kageuka: mbili za nini?

Nimeshampigia dereva amlete. Mama kasimama mlangoni, kaukinga kwa mikono miwili, ananiuliza kama nataka kutuua sote. Mshereheshaji ananiita. Na koridoni nasikia viatu vya Chiriku, anakuja mbio —