Mpunga Uliokwenda Ukweni

Buswelu, Mwanza

Mjukuu wangu Leticia,

Marahaba. Mungu ametulinda, babu yako anakohoa kidogo tu, anakusalimia.

Umeuliza kama si haki wewe na bosi wako mkatwe kodi asilimia ileile. Nikiwa binti kule Magu, kanisa letu lilihitaji mabati. Masanja, aliyevuna mpunga kuliko wote, akasema kila nyumba itoe debe moja katika kila kumi. "Haki ni kulingana!"

Jirani yetu mjane alikuwa na madebe kumi tu ya kulisha watoto mwaka mzima. Mama akasimama. "Shemeji, kwake hilo ni chakula, kwako ni ziada. Wenye vingi mtoe fungu kubwa zaidi."

Tukakubaliana, mjane akasamehewa. Siku ya kukusanya, ghala la Masanja, lililojaa wiki iliyopita, lilikuwa karibu tupu.

"Shemeji, mpunga umekwenda kusalimia wakwe?" mama akamuuliza.

Tulicheka, lakini mabati yalipungua. Jioni mjane akaleta debe lake.

Mama alisema kweli, naamini hivyo. Ila anayesifia asilimia ileile kwa wote, natazama kwanza ghala lake. Na anayesema wenye nacho watoe zaidi, namuuliza nani atakwenda kuchungulia ukweni.

Nakuombea,
Bibi yako