Herufi Kubwa kwa Baba

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
9 Juni 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii, niliyoiandika kwa herufi kubwa, inakukuta mzima, na macho yanazidi kupata nafuu. Mwezi wa pili, baada ya upasuaji, mdogo wangu Zulekha aliniambia kuwa gazeti unalishika, unalitazama, kisha unalikunja bila kusoma. Habari hiyo ilininyima raha. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako Bakili anakusalimu sana.

Ndani ya kifurushi hiki mna kifaa cha kusomea vitabu. Usicheke. Siku hizi Kariakoo kila kitu kinaingia. Wiki ileile nilikwenda kwa Shivani, dada wa Kihindi mwenye duka la simu hapa mtaani, nikamweleza habari zako, naye akaniwekea vitatu mezani. Cha kwanza kinang'aa, kina picha za rangi, nikakipenda papo hapo. Shivani akanitoa nacho juani, nikaona uso wangu tu. Tena chaji yake haimalizi siku, na umeme wa Lindi unaujua mwenyewe. Cha pili kinasoma kwa sauti, ila Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka jana. Kilipotamka "ng'ombe" tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Nimekuchagulia cha tatu. Hakina mbwembwe. Kioo chake kimefifia kama karatasi ya gazeti, hakichomi macho, hata barazani mchana kweupe utasoma. Chaji inakaa wiki kadhaa. Chenyewe hakina taa, kwa hiyo jioni sogelea taa. Bonyeza pale nilipobandika kitambaa, herufi zitakua utakavyo.

Vitabu vya Kiswahili vya namna hii bado ni vichache, basi nimekuchapia mwenyewe zile hadithi ulizotusimulia utotoni. Ndiyo maana kimechelewa. Nilipokosea, nirekebishe.

Lakini si kuchapa tu kulikonichelewesha, Baba. Siku ile dukani nilishikwa na kizunguzungu. Shivani alinidaka, akaniketisha, akanipa maji ya ndimu, kisha akaniuliza polepole, "Dada, una mimba?" Nikalia mbele za watu. Ni kweli, ninayo. Mwaka juzi nilikimbilia kukupigia simu mapema, halafu ikanibidi nikupigie tena kukuambia mtoto hayupo. Safari hii niliogopa kukuumiza tena. Nikafunga mdomo, hata Zulekha hajui.

Sasa mimba ina miezi saba. Daktari anasema mtoto ni mzima, naye anapiga mateke mpaka Bakili anayaona juu ya kanga. Woga umenipungua, nimebaki na hamu ya kukuona.

Msalimie Zulekha, umwambie asinikasirikie, na afungashe mizigo yenu. Mama angekuwa hai ningemwita anishike mkono. Wewe nakuita kwa jambo lako: Bakili anataka kumwadhinia mtoto mwenyewe, nami nimemwomba akuachie. Njoo, Baba. Nataka neno la kwanza kuingia sikioni mwake litoke kinywani mwako.

Mungu akulinde njiani.

Mwanao akupendaye,
Zamzam