Kamera Inayoona Karibu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Ruweida tena! Ameweka picha mpya kwenye simu: mikono ya bibi harusi wa Riruta, na chini yake sifa tele. Maua yale ni yangu. Ule mzabibu unaopanda kidole cha kati niliubuni mimi, hapahapa Makina, Kibera, yeye akiwa bado mwanafunzi wangu, anakoroga hina na kumwaga nusu sakafuni. Sasa ana duka Kawangware, mimi nina baraza. Leo mteja ameniuliza kazi yangu ataiona wapi. Nikamwambia, kwenye mikono ya watu. Akacheka, akaenda zake.

Simu haziingii chumbani kwa bibi harusi. Shangazi huzikusanya zote mlangoni kwenye karai. Ruweida hupiga picha kwa siri. Mimi siwezi. Basi nitatafuta kamera – kamera tupu, isiyojua mtandao.

Jumanne, 5 Agosti

Kawangware, kwa Geoffrey, muuza kamera kuukuu. Kibanda chake kinatazamana na duka la Ruweida. Nilijiapiza sitatazama. Nilitazama. Benchi lake limejaa.

Geoffrey alinishikisha dude zito, akisema wateja huheshimu kamera kubwa. Sikufuata heshima. Nilikuwa nimejichora mkono wa kushoto, mistari myembamba kama uzi, nikamwambia aupige picha kwa kila kamera aliyo nayo. Ile kubwa, ukisogea karibu, ukungu mtupu. Nyingine ikageuza hina ikawa kama oili chafu. Mwisho akatoa kadogo, kamekwaruzwa kila upande. Ukibonyeza alama ya ua, unaisogeza mpaka karibu iguse ngozi. Uzi kwa uzi! Hata vinyweleo.

Alinionya ni ya kitambo, haiwezi hata kuingia net. Ndiyo hiyohiyo. Nikaibeba.

Alhamisi, 7 Agosti

Hina ya Fatna. Shangazi yake aliigeuza kamera, akatafuta pa kutia laini, akakosa, akaruhusu. Mikono tu, uso hapana.

Jina la bwana harusi hufichwa ndani ya maua, naye hulitafuta baada ya harusi. Akilikosa, anatoa zawadi. Mimi hulificha chini ya kidole gumba, ndani ya jani. Nilikuwa naanza kuandika Farouk, Fatna akaniinamia sikioni.

"Andika Lukman, anti. Ndio jina wanamuita kwao."

Sisi Wanubi nani hana jina la nyumbani? Sikuuliza. Nikaandika, nikapiga. Picha nzuri sana. Nimefurahi mpaka nikajionea haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimehamisha picha kwenye simu, nimeiweka hadharani. Harusi ni Jumapili, ningengoja. Sikungoja. Nilitaka Ruweida aione leo, wivu umwashe.

Ameiona. Ameandika: "Kazi safi, mwalimu." Sijui kwa nini hilo neno limenikera.

Jumamosi, 9 Agosti

Farouk hajawahi kuitwa Lukman, si kwao, si kwa jirani. Lukman ni mtu mwingine kabisa, fundi wa mtaa wa Raila.

Ruweida aliikuza picha, akalisoma, akampigia dada yake Farouk. Nani mwingine angejua pa kutazama? Mimi ndiye niliyemfundisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mama Fatna yuko barazani. Fatna kando yake, mikono kaificha ndani ya dera. Watu wa Farouk wanasubiri jibu. Mama hakupaza sauti.

"Hayat, hilo jina ulikosea, ama uliambiwa?"

Nikisema nilikosea, nani tena atanipa mkono wa binti yake? Nikisema niliambiwa, kesho hakuna harusi, na huyu mtoto ataonyeshwa vidole Kibera nzima. Vyovyote vile, mabibi harusi wataenda Kawangware! Namchukia Ruweida. Fatna pia, leo namchukia.

Nimeingia chumbani, nimesema ninaleta kamera tutazame pamoja. Iko mbele yangu, nimeiwasha. Herufi zimetulia, mkono haukutetemeka hata kidogo. Hakuna atakayeamini nilikosea.

Fatna ameingia, amefunga mlango. Amenyoosha mkono niuone. Chini ya kidole gumba amejisugua kwa jiwe mpaka ngozi imechubuka, na Lukman bado anasomeka. Hina yangu haitoki upesi, ndiyo sifa yangu.

Mama yake anaita huko nje. Fatna anangoja. Naandika ili nisimjibu yeyote.