Meli ya Angani Haikuwa Ikija Taveta

Voi

Dada yangu mpenzi Mwanajuma,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Natumai nyote hapo Malindi mu wazima, na goti la mama limepata nafuu. Au bado anakataa kukaa kitako? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila maji ni ya shida na joto la Voi halina upepo wa kulipoza kama la kwetu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, na jambo lenyewe lataka kufuatwa tangu mwanzo.

Wajua kazi yangu ni kuendesha gari la watalii na kuwaeleza habari za ile vita kuu ya kwanza, Waingereza wa Kenya walipopigana na Wajerumani waliotawala Tanzania ya leo, na vilima vya Taita Taveta vikawa uwanja wao. Majuzi tulipata mgeni kutoka Ujerumani, mama mtu mzima aitwaye Hanna. Alinionyesha picha ya kijana mwenye kofia, ndugu wa babu yake. Akaniambia kijana huyo alikuwa fundi wa mitambo katika meli ya angani, na kwamba meli hiyo ilitumwa Afrika kuwapelekea Wajerumani dawa na risasi. Ilifika katikati ya safari ikaamriwa irudi. Miezi kadhaa baadaye ikawaka moto juu ya bahari karibu na Italia, na hakupona hata mmoja. Kaburi hana. Kwa hivyo Hanna alitaka kusimama mahali ambapo meli ile ingetua, na bosi wangu, Bwana Mwadime, alikuwa amemwandikia kwamba ni hapa kwetu, chini ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta.

Nilimuuliza bosi mahali penyewe ni wapi hasa. Akanijibu nichague uwanda wowote wenye nafasi.

Basi, dada, nikashindwa kutulia. Meli gani hiyo ipaayo angani? Hanna alikuwa amechoka na safari, akabaki hotelini kupumzika, nami nikaenda maktaba ya hapa Voi. Mkutubi ni dada mmoja mkimya, Wakesho, mzaliwa wa Kasigau, kile kilima kikubwa ng'ambo ya Maungu. Alinitolea vitabu vya vita, vingine kurasa zimeanza kuachana, akaniletea na atlasi ya shule. Kompyuta ilipokubali tukatafuta na humo. Tukaipata picha ya meli yenyewe. Fikiria mfuko mrefu kuliko jengo lolote unalolijua, umejazwa gesi nyepesi inayoshika moto upesi, na watu wamening'inia chini yake.

Na wewe fundi cherehani sikia hili. Meli ile haikukusudiwa kurudi kwao. Kitambaa chake kingekatwa kikashonwa mahema na nguo, ngozi iliyotandikwa ndani ingekuwa viatu, na mabaharia wake wangeingia vitani kwa miguu. Nilikaa nikijiuliza kama yule kijana wa pichani alimuaga mama yake akilijua hilo.

Lakini Wakesho ndiye aliyeweka kidole kwenye atlasi. Wakati meli ile inaondoka kwao, Wajerumani walikuwa wamekwishafukuzwa Taveta zamani. Walikuwa kusini kabisa, karibu na mto Ruvuma. Kuja hapa haikuwa ikija.

Siku ya safari tulipita Maktau sijamwambia Hanna lolote. Nilijua nikifungua mdomo bosi hatanielewa. Tulipofika Salaita, Hanna aliishika ile picha kwa mikono miwili, akauliza, "Ni hapa?"

Nikamwambia, "Si hapa, mama. Ni mbali sana kusini. Tulikudanganya."

Alirudi garini akafunga mlango. Tulipokaribia Voi akauliza nimeyajulia wapi hayo. Nikamwambia. Akasema nimpeleke.

Wakesho akamfungulia vitabu vile vile na atlasi ile ile. Hanna aliifuata njia ya meli kwa kidole, kutoka Ulaya, juu ya bahari, juu ya jangwa, hadi pale Sudani ilipogeuka. Alilia kidogo, akajifuta. Halafu akamuuliza Wakesho kama watu wa hapa nao walipoteza ndugu katika vita ile.

Wakesho akasema Wajerumani walipoiteka Kasigau, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha njia. Wakawakusanya, wake kwa waume na watoto, wakawahamishia pwani. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. "Nyanya wa nyanya yangu alirudi peke yake," alisema. "Watoto wake walibaki huko."

Dada, nimewazungusha wageni vilima hivi miaka yote hii na sijawahi kuwaeleza hilo. Sikulijua.

Kesho yake Hanna hakutaka tena kwenda mbugani. Alitaka Kasigau, na Wakesho akaomba ruhusa akafuatana nasi. Bosi alikasirika, akaniweka kuosha magari. Juzi, hata hivyo, alikuja akasimama kando yangu, akaniuliza polepole vile vitabu viko rafu gani.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia wewe. Nilimuuliza Wakesho pwani ni wapi hasa walikopelekwa. Akasema ni Malindi. Makaburi ya wale watoto hakuna mtu wa kwao anayeyajua. Tumezaliwa hapo, tumecheza kila kichochoro, na sijawahi kusikia mtu akiwataja. Nakuomba uwaulize wazee wa mtaa, na yule bibi muuza mikeka, na imamu pia. Waulize Wakasigau waliwekwa upande gani, na waliokufa walizikwa wapi. Hata kama ni shamba la mtu sasa, au pamejengwa, niambie.

Msalimie mama, shemeji, na shangazi wa nyuma ya msikiti. Wakesho naye anakusalimu, ingawa hamjuani.

Ni mimi ndugu yako,
Athumani