Sufuria ya Mama Yako Usiipikie Tena

Machimboni, Nyatike

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Adhiambo,

Nakusalimu sana, nyar Seme, binti wa watu wa Seme. U mzima? Na Adhiambo, bado anakataa kulala mpaka ashike sikio lako? Mimi niko hai. Mgongo ndio unaniuma kwa kuinama shimoni, lakini nakula na nacheka. Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la samaki wa omena. Niliposoma kwamba una mimba, yawa, nilitoka shimoni nikakaa juu ya rundo la mawe nikicheka peke yangu. Wenzangu wakadhani nimegonga dhahabu. "Ni kubwa?" wakauliza. Nikawaambia bado ni kadogo, na kako nyumbani Manyatta, Kisumu, tumboni mwa mke wangu.

Sasa soma polepole, na kama ile sufuria ndogo iko motoni, iondoe kwanza. Ile aliyokupa mama yako tulipooana. Usiipikie tena. Hata maji ya kuoga usichemshie humo.

Unajua kazi yetu. Tunapasua mwamba, akina mama wanaponda mawe mpaka yawe unga, tunaosha ule unga kwenye karai, kisha tunatia zebaki. Dhahabu inang'ang'ania zebaki, tunakamua kwa kitambaa, tunabaki na kidonge cheupe. Ukikichoma, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Ndicho kile kidonge nilichokuja nacho Pasaka, nikataka kukichoma hapo nyumbani kwa sababu sonara wa Kisumu hakitaki kabla hakijachomwa. Ukaniazima sufuria, nikakichomea humo. Nikafunga mlango na dirisha, nikiogopa upepo usipeperushe dhahabu na majirani wasijue. Adhiambo ulikuwa umembeba mgongoni.

Wiki iliyopita dada mmoja wa zahanati alikuja hapa kuangalia watu wanaoharisha. Akamkuta Odongo, yule ninayechimba naye shimo moja, anajaribu kufunga vifungo vya shati na mikono inamtetemeka. Sisi huwa tunamtania.

"Unakunywa pombe?" dada akamwuliza.

"Mimi ni Msabato," Odongo akasema. Na ni kweli, huyo hata chai hanywi.

"Nani huchoma dhahabu yenu?"

"Ni mimi," akasema, akininyooshea kidole. "Huyu Okello ni mvivu wa kuwasha moto."

Tukacheka, yeye hakucheka. Alituketisha chini akatuambia ule moshi ni sumu, unaingia mpaka kichwani na kwenye figo, na mama mjamzito akiuvuta unamfikia mtoto aliye tumboni. Akasema unabaki kwenye kuta na vyombo. Tena yale maji machafu tunayomwaga mtoni yanaingia ziwani, na hilo ziwa ndilo linatulisha sote, kuanzia huku mpaka Dunga huko kwenu. Watu walinuna. Mmoja akasema, "Sasa unataka tule mawe?" Dada akajibu kwamba hajamkataza mtu kuchimba. Tuchomee mbali na nyumba, kwenye chombo chenye kifuniko kinachorudisha zebaki itumike tena, na mashimo tuliyomaliza tuyafukie. Hayo ya mwisho sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole. Ile Pasaka mimba ilikuwa tayari iko.

Mama Adhiambo, siku ile ulikohoa ukaniuliza, "Huu moshi hauna madhara?" Nikakuambia hauna, mbona sisi tunauvuta kila mara. Sikujua. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hauna madhara. Nilisema tu kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali, nimevaa shati jipya, na sikutaka mke wangu aone kwamba sijui kazi yangu mwenyewe. Nawe ukaniamini, ukaendelea kukaa hapo karibu na jiko. Hilo linaniuma kuliko mgongo. Nimelia, sikufichi.

Basi fanya hivi. Sufuria ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uiweke nje mahali Adhiambo hafiki. Usiwauzie wale wa vyuma vikuukuu, maana itaishia kwenye jiko la mama mwingine. Nitakuja kuichukua mimi. Kuta usizipanguse wewe, hiyo kazi niachie. Fungua dirisha tu, mkalale kwa mama yako. Kesho asubuhi nenda hospitali na Adhiambo. Usiseme ni kikohozi tu. Waambie kila kitu, zebaki, moshi, mlango uliofungwa. Nakujua, utataka kunisitiri, utasema ni jirani alikuwa anachoma kitu. Usinisitiri hata kidogo. Wakiuliza ni nani, taja jina langu lote, na jina la baba yangu.

Dereva anaondoka sasa hivi, ndiyo maana barua inanitangulia. Mimi nitafika Jumamosi. Odongo nakuja naye, daktari amwangalie pia ile mikono.

Msalimie mama mkwe. Habari za sufuria nitamweleza mwenyewe, wewe nyamaza. Msalimie ndugu yangu mdogo, fundi wa mashua huko Dunga, na shangazi yako muuza mandazi, mwambie nashukuru kwa kukuchotea maji. Adhiambo mkumbatie. Huyo wa tumboni sijui nimsalimie vipi. Weka tu mkono wako hapo, umwambie baba yake anaomba msamaha.

Ni mimi mume wako, niliyesema najua kumbe sijui,

Okello