Magoti ya Minza

Mwangaluka, mjukuu wangu Limbu. Huku Bariadi tu wazima, na ng'ombe wamezaa. Umeuliza kama dada yangu Minza, bibi yako, aliwahi kuogopa kabla hajawa bingwa wa gofu ya kulipwa.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja, mmoja alimpa Minza fimbo yake ya gofu ajaribu. Mpira ulipaa hadi ukakaribia mwezi, ukaangukia pamba ya jirani. Watu kuona kitu cheupe kimedondoka na mbingu haina wingu, wakasema kuna mchawi anaita mvua ya mawe. Sungusungu wakaja na pinde. Mimi niliyewahi kumpiga fisi kofi, nililinda magunia ya pamba kwa nyuma.

"Ni mimi," Minza akasema. "Ni mpira tu."

"Basi urushe tena, binti," kamanda akamjibu. "Ukikosa, unajua wachawi tunawafanyaje."

Magoti yake yaligongana. Akasubiri yatulie, hayakutulia. Akapiga hivyo hivyo. Mpira ukapita juu ya vichwa vyao, na pinde zikashuka.

Mabinti anaowafundisha sasa hawaambii waache kutetemeka. Anawaambia wapige.

Babu yako Masanja, ambaye magunia tu ndiyo yalimzuia kupigana.